Fishi Niliyoandika "Hakuna Kitu"

Siku ya kwanza kazini walinipa buti za plastiki zilizozidi miguu yangu, futi ya kupimia ya mita hamsini na bunda la fishi, karatasi za kujaza. Shefu wa timu, mwanaume mnene aliyetoka Bukavu na asiyependa ziwa hata kidogo, aliniuliza kama najua kuogelea. Nikamjibu nimezaliwa hapa Rugenge.

"Siulizi ulizaliwa wapi. Nauliza kama maji ikipanda utanikokota!"

Timu nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa na diploma ya sekondari, mume asiye na kazi, na sikuwa bado nimepoteza mtoto.

Nawaandikia ninyi mabinti mnaomaliza shule sasa, kwa sababu nasikia watatafuta tena watu wa kuandika ufuko, upande wa kusini. Mtaenda, najua, kazi ni kazi. Ila mjue kwanza ilivyokuwa kwangu.

Ziwa lilikuwa limepanda likala barabara, vyoo na nyumba za watu. Wakubwa wakaamua kujenga diga, yaani ukuta wa mawe na udongo wa kuzuia maji. Lakini kabla ya kuchimba msingi wake, kila kitu cha zamani kilichoko ufukoni lazima kiandikwe: ngazi za mawe ambapo meli zilikuwa zinafunga, misingi ya maghala ya enzi za Wabelgiji, nyumba za Waislamu ambao mababu zao walikuja na biashara ya ziwa. Kila kitu kilipata fishi yake. Unaandika kiko wapi, vipimo vyake, umri wake, nani alikuambia. Unapima na alama ya maji, ule mstari wa matope ukutani. Chini kabisa kuna nafasi ya sahihi, moja tu, ya mwenye parsela, yaani mwenye kiwanja. Na mwenye parsela kwetu ni mwanaume.

Shefu wa timu alikuwa anajua kazi, simnyimi haki yake. Alikwaruza tofali kwa ukucha akakuambia lilichomwa zamani au juzi. "Ukuta inaweza kudanganya," alisema, "musingi hapana." Nilijifunza kwake miezi mingi.

Shefu wangu wa pili alikuwa Madamu Mukaguzi, mkubwa wa mafaili. Huyo alikuwa anarudisha fishi kwa sababu ya nukta. Siku moja niliandika "labda kisima". Akaniita mbele ya wote.

"Labda ni nini? Kisima iko ao haiko?"

"Madamu, wazee hawakubaliani."

"Fishi haina nafasi ya labda. Andika iko, ao andika hakuna kitu."

Ndipo nikafika nyuma ya maghala ya zamani, kwenye kipande cha ufuko chenye matete. Muzee wa parsela alikuwa amekaa barazani.

"Kule nyuma? Majani tu, binti yangu. Hakuna kitu."

Hakudanganya. Hakujua. Nilishuka mwenyewe, nikaona chini ya matete vijiwe bapa, kimoja hapa, kingine pale. Akina mama waliokuwa wanaosha masufuria wakanyamaza wote pamoja. Mmoja, muuza ndagala, vile vidagaa vya ziwa, akaniangalia tumbo.

"Weye umeshazaa?"

"Bado, mama."

"Basi rudi kwa makaratasi yako."

Nilielewa. Msiniambie sikuelewa. Sisi wa ufukoni tunakua tukijua: mtoto akifa kabla ya kuota meno, haliliwi, hapelekwi makaburini. Bibi yake anamfunga, anamchukua alfajiri karibu na maji, anaweka kijiwe juu, na hasemi mahali. Hasemi kwa yeyote, na mama mzazi ndiye wa mwisho kuambiwa, asije akaenda kukaa pale akafunga tumbo lake. Ukitaja mahali, unaharibu njia ya mtoto anayefuata. Ningeandika nini? Labda? Nikaandika "hakuna kitu". Muzee akatia sahihi.

Mwaka uliofuata nikazaa. Mtoto wa kiume. Siku tatu. Mama mukwe alikuja kukaa kwetu Kasenga, akachana kikwembe changu katikati, kile cha ndege wa njano, akamfunga mtoto, akatoka. Aliporudi miguu yake ilikuwa imelowa. Akanichemshia maji ya kuoga. Sikuuliza.

Nilirudi kazini maziwa bado yanalowesha blauzi. Wakanipeleka kwa Injenieri, kijana mpole kutoka Kinshasa, Kiswahili chake nusu Lingala. Kazi yake ilikuwa sondaji, mashimo ya kujaribu udongo pale ambapo diga itapita. Diga ilipita kwenye matete, kwa sababu fishi yangu ilisema hakuna kitu.

Mchimbaji alitafuta mahali pepesi. Akapata udongo laini. Sepetu ya kwanza, matope. Ya pili ikapandisha kitambaa, na ndani ya kitambaa kitu kidogo kigumu. Yule mwanaume akaangusha sepetu, akavua kofia.

"Injenieri, hii si kazi yangu."

Nikaruka shimoni. Nilisugua kile kitambaa kwa kidole gumba nikitafuta rangi ya njano. Nikasugua. Matope matupu. Hakikuwa na rangi tena, kinaweza kuwa cha yeyote, kinaweza kuwa changu.

"Ni takataka tu, dada," Injenieri alisema. "Tuendelee."

"Ni mtoto."

"Lakini fishi yako..."

"Fishi yangu ni uongo!"

Akampigia Madamu Mukaguzi. Nilisikia sauti yake kwenye simu: fishi imesainiwa, mashine ya kuchimba inafika kesho, kama kuna makaburi basi muntu aje aseme. Aje aseme! Wanaojua ndio wasiosema.

Nilikifunika kile kitambaa kwa udongo kidogo, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kasenga. Mama mukwe alikuwa anachambua maharagwe.

"Ulimuweka wapi mtoto wangu?"

Aliendelea kuchambua.

"Mama, kesho mashine inakuja matete!"

Mikono ikasimama. "Minye siwezi kusema. Nikisema, ule mungine hatafika."

Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Kisha nikajisikia nasema: "Basi usiseme. Kuja tu, usimame."

Asubuhi walikuja. Sijui nani alimwambia nani. Mabibi, mmoja mmoja, na vikapu kama wanaenda soko. Hakuna aliyesalimia. Kila mmoja aliingia kwenye matete, akatembea kidogo, akasimama.

"Wanafanya nini?" Injenieri aliniuliza.

"Wanajibu fishi."

Aliwatazama miguuni. Halafu akawasha mashine ya vipimo akanipa fimbo yake, na kwa hilo namshukuru. Nilikuwa naweka fimbo mbele ya miguu ya bibi, nabonyeza, pointi inaingia kwenye plani. Bibi mmoja alisimama, nikabonyeza. Akaenda hatua tatu, akasimama tena. Akageuka, akasimama tena. Wote wa kwake. Muuza ndagala naye alikuwepo.

Mama mukwe alikuwa wa mwisho. Alielekea kwenye shimo. Nikamfuata na fimbo. Akalipita. Akapanda juu ya tuta la udongo tulilotupa jana, malapa yakazama, akasimama akitazama ziwa. Mtoto wangu hakuguswa na sepetu. Tulimtupia tu shimo zima juu yake.

Nilibonyeza. Mama mukwe akashuka, akachukua karai la mchimbaji akaanza kulitoa lile tuta, na mabibi wengine wakainama pamoja naye, na mimi pia, mpaka tukafika kwenye kijiwe.

Kwa pointi zile Injenieri alisogeza mstari, na diga inapinda pale. Kwenye plani wameandika "kona ya kiufundi". Niliomba kubadilisha fishi. Madamu Mukaguzi akauliza mabibi walisema nini. Nikamwambia hawakusema. "Basi hakuna shahidi," akasema, na fishi yangu ya uongo iko mle kwenye faili mpaka leo, na sahihi nzuri ya muzee. Siku hiyo nikaacha kazi. Watu wanasema ni mapema kustaafu na mimi bado nanyonyesha binti yangu. Waseme.

Ninyi mtakaoenda kusini, mwenye parsela akiwaambia hakuna kitu, mshukuruni, mshuke mpaka kwa wanaoosha masufuria. Wakinyamaza, msiandike. Wekeni kalamu chini mbaki hapo hapo, hata kama shefu anapiga kelele, mpaka mmoja wao asogee.