Tone la Zafarani

Asubuhi ya mtihani wa darasa la nne, mama alinipa kombe: aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi ninywe. Tone moja likadondokea shati. Nikaenda shule kama naota, mtaa wetu wote wa Isevya ukielea katika manjano yale.

Majibu ya mtihani hayakufika nyumbani. "Umemwaga elimu yako, bwana mkubwa," alicheka baba mdogo aliyetulea, akaniweka dukani kwake kupima chumvi. Nililaumu lile tone miaka ishirini. Mama alikufa akililaumu.

Baba mdogo alipozikwa, nilifungua sanduku lake. Barua ya shule ilikuwamo: nilifaulu kuingia darasa la tano. Dua ya mama ilikuwa imepokelewa zamani. Aliyenizuia ni baba mdogo, si tone.