Masanduku ya Kando

"Hivi wewe Anaeli, hayo masanduku unayotengeneza kutwa nzima yanakaa wapi? Mbona sijaona hata moja likitoka mlangoni?"

Mama Namnyaki, jirani yake pale mtaani Levolosi, aliuliza huku anachambua mchicha. Anaeli alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Yanakaa kwenye kompyuta, mama. Hayana mbao wala rangi. Ukishalipatia jina, ndipo linapata sura."

"Basi wewe na mganga kazi yenu moja."

Anaeli alikuwa mtu wa kijiji cha Poli, huko Umeruni, akifanya kazi kwenye intaneti kafe mjini. Miaka ile soko lilikuwa huria, ushirika umelegea, na kila mwenye lori alipanda mlimani kununua kahawa kwa bei aipendayo yeye. Mzee Elimringi, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alisikia kwamba wanunuzi wa Ulaya wanapatikana kwa kompyuta, akamwomba Anaeli, binti wa kijiji, awatengenezee ukurasa wa intaneti.

Akautengeneza. Kila mkulima alipata sanduku lake: picha, jina, idadi ya miche. Wote ishirini na wawili aliwapa jina moja la kundi, "mkulima", kisha mahali pa mitindo, panapoamuliwa sura ya masanduku, akaandika mara moja tu kwamba mkulima awe na mpaka wa kijani. Wote wakavaa kijani kwa pamoja. Sanduku la kwanza kabisa lilikuwa la baba yake, Mzee Ebenezer.

Bei ikaporomoka, na Mzee Ebenezer akawa wa kwanza kung'oa kahawa apande nyanya. Haikupita wiki, Mzee Elimringi akashuka mjini.

"Mtoe," alisema. "Asiye na kahawa hana mahali hapa."

"Ni baba yangu, mzee."

"Ndiyo maana naanza na yeye. Wasije wakasema unapendelea."

Kufuta sanduku ni kazi ya kitufe kimoja, lakini kidole kilimgomea. Akaliongezea sanduku la baba yake jina la pili, "kando", kisha kwenye mitindo akaandika kwamba chochote cha kando kisionekane. Baba yake akatoweka kwenye kioo cha kompyuta. Kwenye maandishi ya ndani alikuwemo, picha yake na miche yake mia tatu. Jioni, kwenye sala, Anaeli alimwomba Mungu amsamehe kama huo nao ni uongo.

Wakafuata wengine, mmoja mmoja, na kila mmoja akawekwa kando. Mnunuzi hakuandika hata mmoja. Masika nyanya za Mzee Ebenezer zilishikwa na ukungu, naye akafa kabla mvua hazijakatika. Ilipofika Krismasi ya pili, kwenye ukurasa alikuwa amebaki Mzee Elimringi peke yake.

Alikuja kofia ikiwa mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jana nimeng'oa yangu. Unitoe na mimi." Alikaa, akakitazama kile kioo. "Baba yako ningemwachia hata picha. Nilikosa."

Anaeli alisogeza kiti kwenye kompyuta. Aliufuta ule mstari wa kuficha, na wote wakarudi kwa pamoja, wakatimia ishirini na wawili, mipaka ya kijani, Mzee Ebenezer juu yao na kofia yake ya upande. Waliokwisha kuzikwa walikuwa wanne.

"Kumbe hukuwatoa."

"Niliwaweka kando tu."

"Ungeniambia."

"Ungenikubalia, mzee?"

Mzee aliivaa kofia yake. "Warudishe walikokuwa," alisema. "Na mimi uniweke humo humo na wenzangu."

Akaurudisha ule mstari, na yeye akamweka kando. Ukurasa ukabaki mweupe, jina la kikundi juu, na chini kabisa kisanduku chenye maneno: umetengenezwa na Anaeli.

Wakati huo kikohozi cha Anaeli hakikuwa tena cha kuchekea. Alipigwa picha ya kifua, akapewa dawa, akalala ndani miezi miwili akizidi kukonda. Kazi zake alimwachia Brightness, mwenzake wa meza ya pili, aliyekuja kumwona na uji kwenye chupa.

"Dada, ule ukurasa wa Poli unachelewa sana kufunguka," Brightness alisema. "Ndani yamejaa masanduku yasiyoonekana. Niyafute?"

Anaeli aligeukia ukuta. Pumzi zilipomtulia, alisema:

"Usiyafute. Na lile la chini lenye jina langu, siku ikifika, liandikie kando, uliache humo na ya wenzangu."