Mbuta au Ngege

Yule mama fundi wa kompyuta hospitalini huvua viatu mlangoni mwa chumba cha mashine, na Ooko wa maabara humcheka kila akimwona. Mashine ni mbili, Mbuta na Ngege; rekodi za wagonjwa hukaa kwenye moja, na ikizidiwa huhamia nyingine zenyewe. Asubuhi hii Ngege ilitoa harufu ya kuungua.

“Zima tu, Mama, rekodi ziko Mbuta,” Ooko alisema, kidole kwenye swichi ya Ngege, huku daktari wa upasuaji akizisoma rekodi hizo chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa mezani.

“Ngoja, Bwana. Hatujaziuliza zenyewe.”

Akaandika mstari mmoja, akiinong'oneza skrini kwa sauti ya kubembeleza mtoto, kama afanyavyo siku zote: “Un kanye?” Mko wapi?

Jibu likatokea: NGEGE.

Ooko akaondoa kidole taratibu, akainama, akavua viatu.