Hakuna Kifo

Kwenye kundi letu la simu tunapendekezeana hadithi ambazo mashabiki hubuni juu ya wahusika wa tamthilia za televisheni. Sheria ni moja: juu ya kila hadithi unaandika "kuna kifo" au "hakuna kifo".

Fundi wetu wa sare za shule alisoma za "hakuna kifo" tu. Mimi, mdomo wangu hauna breki, nilimwambia: "Dada, hadithi isiyo na msiba ni chai isiyo na sukari."

Akajibu, "Niacheni ninywe hivyo hivyo."

Juzi nilifuata sare ya mwanangu kwake. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Alikuwa anamsomea mumewe hadithi kwenye simu, mume amelala nyuma ya pazia, amekonda mpaka shati limemmeza.

"Kila mara ananiuliza kwanza kama kuna kifo," aliniambia.

Jana asubuhi akatuma ujumbe kundini. Juu kabisa aliandika: "Kuna kifo." Sikusoma zaidi. Nikarukia kuandika, "Hatimaye dada umekua!" Wenzangu wakamwaga vicheko.

Ndipo nikasoma mstari wa pili: "Tunamzika kesho saa nane."