Ndimu ya Unga kwenye Loshoro ya Koko

Mama yangu anaoka keki nyumbani kwetu Sombetini, na kwenye kabati lake kuna kopo dogo la unga mweupe ambao yeye anauita ndimu ya unga. Ndimu yenyewe haimo hata tone. Anatia kidogo sana, ncha ya kijiko tu, kwenye ute wa yai ili povu lisimame, au kwenye sukari anayoichemsha ili isirudi kuwa chengachenga. Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, nilisoma maandishi madogo kwenye lile kopo nikakuta ni asidi ya tartari. Nikamwuliza mwalimu wa kemia baada ya kipindi, darasa likiwa limebaki tupu, maana mbele ya watu siwezi.

Alifurahi kuliko nilivyotegemea. Akasema ndiyo asidi inayoupa ukwaju ukali wake, imo pia kwenye zabibu, na chumvi yake ikikutana na magadi soda kwenye unga uliolowa hutoa kaboni dayoksaidi, ndiyo maana keki inaumuka. Halafu akaweka viganja vyake viwili vikaelekeana.

"Hii asidi ina ya kulia na ya kushoto. Atomu ni zilezile, idadi ileile, lakini huwezi kuvaa glavu ya kulia kwenye mkono wa kushoto, sivyo? Moja inageuza mwanga upande huu, nyingine upande ule."

Akasema ipo na ya tatu. Hiyo nusu yake ni kulia na nusu ni kushoto, zinafutana zenyewe kwa zenyewe, na mwanga unapita bila kugeuka popote.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Usiku niliandika kwenye daftari hili: ya tatu ndiyo mimi. Sikuwa na huzuni nilipoandika. Hapo ndipo penye shida.

Ilianza Pasaka. Tulikuwa Oldonyo Sambu kwa koko, ndivyo tunavyomwita bibi mzaa baba. Asubuhi moja akaniomba maji, neno likatoka limepinda, kama mtu anayeongea na andazi mdomoni. Koko ni mtu wa utani, kwa hiyo nikadhani ananitania. Nikacheka. Akarudia, nikacheka tena. Ndipo kikombe kikamtoka mkononi, naye akainama upande kama gunia lililofunguliwa.

Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia. Watu walilia, mimi sikulia, wakasema nimekomaa. Tangu siku ile nimefaulu jaribio moja, nimefeli mengine, nimegombezwa, nimesifiwa kanisani kwa usomaji wa neno, na yote yamepita sawasawa. Hakuna mtu niliyemwambia kwamba nilicheka.

Likizo ya Juni ilipofika, koko alikuwa ameshatoka hospitali, lakini hali chakula. Kila kitu mdomoni mwake, alisema, ni karatasi. Baba akaamua: asipokula mpaka Jumamosi, gari inakuja kumrudisha hospitali, awekewe mpira wa kulishia puani. Koko akajibu kwamba gari ikija wapakie godoro, yeye haendi. Mimi nikatumwa Jumatano nikamsaidie mama mkubwa, mke wa kaka yake baba, anayekaa naye. Kabla ya kutoka nilifungua kabati la mama, nikafunga vijiko viwili vya ndimu ya unga kwenye karatasi ya daftari. Sikuwa na mpango. Niliwaza tu kwamba kitu kikali kiasi kile, ulimi wowote utakisikia.

"Shikamoo, koko."

Niliinamisha kichwa anishike utosini, ndivyo tunavyowasalimu wakubwa kule. Siku zote alinishika kwa mkono wa kulia. Safari hii ukaja wa kushoto, ukapotea kidogo, ukatua sikioni.

"Marahaba," alisema polepole. "Umekonda. Na wewe wanakuwekea mpira?"

"Hapana, koko."

"Msemeshe kwa nguvu!" mama mkubwa akapiga kelele kutoka jikoni. "Mtoto wa mjini gani huyu, hata kuku wangu anamshinda sauti!"

Tulijaribu uji, supu, ndizi za kupondwa. Koko alikuwa anapokea kijiko kimoja kwa heshima, anakaa nacho, kisha anageuza uso ukutani. Alhamisi jioni mama mkubwa alikaa kwenye kigoda akajishika kiuno.

"Loshoro angekula," akasema. "Huyu amelelewa na loshoro. Sasa ng'ombe ana mimba, ameacha kutoa maziwa, na ya jirani yote yanaondoka na gari asubuhi. Kibuyu kimekauka, unakiona kile."

Loshoro ni mahindi yaliyokobolewa, yamechemshwa mpaka yamelegea, halafu yanachanganywa na maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu. Mahindi yaliyochemshwa yalikuwepo. Kilichokosekana ni uchachu, na uchachu mimi nilikuwa nao kwenye karatasi.

Ijumaa mama mkubwa alipoenda kuteka maji, nilinunua maziwa ya pakiti dukani barabarani, nikayapasha moto, nikayaepua. Nikakoroga unga kidogo kwenye maji, nikatia kidogokidogo. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha maziwa yakakatika ghafla, vibonge vyeupe juu ya maji ya njanonjano. Kwa kemia niliridhika. Nikaponda mahindi yakawa laini kabisa, nikachanganya, nikaonja. Kwangu mimi ilikuwa loshoro.

Nilimkalisha koko wima kama nesi alivyotufundisha, nikamwekea kijiko kidogo upande wa kushoto wa mdomo. Akameza. Uso wake, nusu ile inayofanya kazi, ukakunjamana.

"Nani amepika?"

"Mama mkubwa," nikasema.

"Mwongo."

Nikakoroga bakuli.

"Maziwa ya pakiti haya," akaendelea, neno moja moja, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Hayana moshi. Yana vibonge. Huu uchachu haujalala kwenye kibuyu hata usiku mmoja. Umeutoa wapi?"

Mama mkubwa alikuwa amefika mlangoni na ndoo kichwani. Hakuitua.

"Mama, umesikia ladha?"

"Nimesikia ubaya wake."

"Unasikia kwamba hayana moshi?"

"Mimi nimeanza kufukiza vibuyu nikiwa mdogo kuliko huyu," koko alisema. "Mbaya sana. Lete kijiko kingine nihakikishe."

Akahakikisha nusu bakuli, analalamika baada ya kila kijiko. Mama mkubwa aliitua ndoo vibaya, maji yakamwagika mpaka kwenye jiko la mkaa, na kabla moshi haujaisha alikuwa tayari ameshaenda kwa jirani, tunasikia sauti yake toka mbali ikisema kesho asubuhi maziwa lita moja yasipande gari, hata wafanye nini.

Baba alipiga simu jioni.

"Amekula?"

"Amekula. Amesema ni mbaya sana."

"Mbaya vipi?"

"Haina moshi. Ameniita mwongo."

"Basi gari isije," akasema, akakata.

Nilirudi ndani kuchukua bakuli. Koko alikuwa macho. Sijui kwa nini nilisema pale, pengine kwa sababu tayari alishaniita mwongo na mbingu hazikuanguka.

"Koko, siku ile ulipoomba maji, nilicheka."

"Nilikusikia."

"Nilidhani unatania."

"Na mimi nilidhani natania," akasema. "Nilijisikia ninavyoongea, nikashangaa." Upande mmoja wa mdomo ukapanda. "Kesho uchukue kijinga cha moto, nikufundishe kufukiza kibuyu. Na hiyo dawa yako ya dukani mrudishie mama yako."

Sikulia. Niliosha bakuli. Karatasi ilikuwa bado mfukoni, na unga uliobaki usingetosha kurudisha koponi bila mama kuuliza maswali, kwa hiyo nikaulamba, karibu kijiko kizima, nikiwa nimesimama nyuma ya jiko. Macho yakajifumba yenyewe. Mashavu yakaingia ndani. Meno yote yakafa ganzi, ya juu na ya chini, nikashindwa hata kuyagusanisha.

Asubuhi ganzi ilikuwa imebaki upande mmoja, nikanywa chai kwa upande wa pili tu wa mdomo. Koko aliona.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Meno, koko. Yameingia ganzi."

"Itatoka," akasema, akaninyooshea kibuyu kwa mkono wa kushoto.