Imondo ya Majemadari

Kitabu kilimfikia Nasipwondi kutoka kwa Mutanu, mama wa mtaa wa Nyayo Highrise ambaye Nasipwondi humfulia nguo. Mutanu alikuwa akipunguza vitu nyumbani, na kitabu cha historia ndicho kitu cha kwanza kupunguzwa na mtu aliyesoma. Kilieleza habari za majemadari wawili wa vita vya zamani vya Wazungu, wote wa upande mmoja, waliochukiana kwa bidii ambayo hata adui hakuwapatia.

Nasipwondi aliacha shule darasa la saba. Alikisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, baada ya kuanika nguo, na alikipenda kuliko alivyowahi kupenda mahubiri.

"Hawa walikuwa watu wakubwa kwelikweli," alimwambia Wayua, jirani yake. "Mmoja alisusia mkutano kwa sababu kiti cha mwenzake kilikuwa kirefu. Vijana wanakufa huko nje, yeye anapima kiti."

"Si ni kama Shiundu na Mukhwana," Wayua akasema, akicheka.

Nasipwondi hakucheka. Shiundu alikuwa mwenyekiti wa chama cha kusaidiana wakati wa matanga, upande wa Kibera. Mukhwana alikuwa mwenyekiti wa chama hichohicho, upande wa Kawangware. Zamani kilikuwa kimoja, cha watu wote waliotoka Magharibi, mpaka Mungu alipowafunulia wanaume wawili, siku moja, kwamba kila mmoja ndiye kiongozi. Mali iliyobaki bila kugawanywa ilikuwa tenti moja, yenye matundu ya kutosha kumwonyesha marehemu mbingu. Ilikuwa imefungiwa stoo huko Makina, Kibera. Jumamosi vijana wa Mukhwana wangekuja kuichukua, na vijana wa Shiundu wangewangoja.

Na mkuu wa hao wa kungoja alikuwa Walubengo, mwana wa pekee wa Nasipwondi. Alijua kwa sababu alipofagia chini ya kitanda ufagio uligonga rungu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya mbwa, mathe."

"Mbwa wa Kawangware?"

"Mathe, wewe huelewi hizi vitu. Hii ni heshima."

"Naelewa. Na Jumamosi mzee Shiundu atasimama wapi? Mbele yako au nyuma yako?"

Walubengo alikuna kichwa. "Chair atakuwa kwake. Ataongoza na simu."

"Hata kwa kitabu walikuwa na simu," Nasipwondi akasema. Akarudisha rungu mahali pake, maana kijana ukimfichia rungu hutafuta panga.

Usingizi ulimhama. Kila pikipiki iliyopita kwa kasi aliiona imembeba mwanawe, damu ikimtoka. Alijaribu kuongea na Shiundu, akaambiwa mambo ya uongozi si ya akina mama. Alipanda mpaka Kawangware kwa Mukhwana, akaambiwa hayohayo, ila huko alipewa chai.

Kwa kukosa kimbilio, alirudi kwenye kitabu. Akakuta sura inayoeleza kwamba majemadari wale walipatana mara moja tu. Mwandishi mmoja wa gazeti aliwatukana wote wawili kwa pamoja, na siku hiyo wakaandika barua moja, kwa kalamu moja, kama mapacha. Nasipwondi aliisoma sura hiyo mara ya pili. Kisha akaenda sokoni kununua kuku.

Alhamisi jioni Shiundu alifika nyumbani kwa Nasipwondi, kwa kuwa mama huyo alikuwa amemwambia kuna siri za Mukhwana. Hajamaliza kuvua kofia, Mukhwana akaingia kutafuta siri za Shiundu. Kila mmoja alitaka kuondoka, lakini harufu ya kuku ilikuwa imeshawaona.

"Karibuni ugali, viongozi," Nasipwondi akasema. Walubengo akakaa pembeni, akiwaangalia kama askari aliyepangwa zamu mbili.

Akaweka bakuli mezani. Juu kabisa ya nyama, alipoiweka mwenyewe kwa uma, ilikaa imondo, ile firigisi ambayo kwao haipewi mtu ila mwanamume mwenye heshima kuliko wote mezani. Na kuku, kwa uchoyo wake, huwa nayo moja tu.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Kwa umri," Mukhwana akasema polepole, "mimi nilizaliwa mbele."

"Kwa eneo," Shiundu akajibu, "hapa ni Kibera."

"Wewe hata kwenu hawakujui!"

"Na wewe wanakujua, ndiyo maana huendi!"

Walubengo alikuwa ameshainuka. Nasipwondi akanyoosha mkono, akachukua imondo, akaitia mdomoni. Ilikuwa ngumu kidogo, kwa hiyo aliitafuna bila haraka.

Wenyeviti wakageukiana.

"Shiundu," Mukhwana akasema, sauti imekauka. "Umeona?"

"Nimeona, ndugu yangu." Neno ndugu halikuwa limetoka kinywani mwake tangu chama kivunjike. "Mwanamke! Mbele ya wenyeviti!"

"Hii haiwezi kuachwa. Leo ni imondo, kesho atataka kiti."

"Tuite mkutano. Pande zote. Jumamosi."

"Jumamosi nina shughuli," Mukhwana akakumbuka, akamtazama Shiundu. Shiundu akatazama ugali.

"Hizo shughuli zingoje," Shiundu akasema. "Kwanza huyu mama. Vijana wako waje, na wangu waje, na mtu asibebe kitu mkononi, kutakuwa na wazee. Na jambo kubwa hivi haliwezi kusemewa juani. Tenti itolewe."

"Itolewe," Mukhwana akakubali. "Vijana waifunge pamoja."

Wakala mapaja, kila mmoja lake, wakiendelea kumlaani kwa sauti moja, wakatoka wakiwa bega kwa bega. Mlangoni hawakujua nani atangulie, wakapita ubavu kwa ubavu, wakakwama kidogo.

Walubengo alikaa chini, akashika kichwa.

"Mathe, umeniaibisha. Kawangware yote watacheka. Sasa Jumamosi nzima nitakaa nikisikiliza kesi yako na wazee."

"Pole sana, baba," Nasipwondi akasema, akikusanya sahani. "Lete lile shati jeupe nilipige pasi. Si vizuri uende kwa kesi ya mama yako umekunjamana."