Ng'ombe wa Mwanangu Niliwageuza Injini

Nimetimiza miaka tisini. Ni mjane na mwalimu mstaafu wa huku Nyamira. Daktari amesema moyo wangu umechoka, nami sikushangaa. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie, na jina langu libaki kwangu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mume wangu akiwa ameshafariki, nilinunua gari kuukuu kutoka kwa mzee wa kanisa letu. Nilitaka kufika shuleni bila kutembea maili saba, na siku za soko niwabebe akina mama wa ndizi hadi Kisii, wanilipe kidogo. Wanaume walicheka. Gari lilitembea wiki tatu, likachemka kwenye mlima, likazima. Fundi alifungua injini akaniita nitazame. Oili ilikuwa imeingiwa na maji, rangi yake kama chai ya maziwa. Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ilikuwa na ufa mrefu, nao ulikuwa umezibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa masizi usionekane.

"Mwalimu," akaniambia, "huu ufa haukutokea mikononi mwako. Umeuziwa nao."

Nilimkabili yule mzee nje ya kanisa, Jumamosi. Alinijibu kwa upole kwamba ni Sabato, na yeye hazungumzi biashara siku ya Bwana. Jumapili nilimkosa. Jumatatu akamtuma mtu shuleni kusema yuko tayari kulichukua gari kwa bei ya chuma chakavu, anihurumie mjane. Huyo mjumbe alimalizia salamu mbele ya walimu wenzangu: "Mzee anasema gari si sufuria, mwalimu. Likiungua halikwanguliwi."

Walimu wakacheka. Mimi nikaapa kwamba gari halitoki kwangu.

Sasa sikieni nilichofanya. Binti yangu alikuwa ameolewa mwaka huo, na ng'ombe watano wa mahari yake walikuwa bomani kwangu. Kwetu Wagusii, ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka yake. Wale ng'ombe walikuwa mke wa mwanangu, na tayari alikuwa na mchumba, msichana wa Nyanchwa. Nilimwambia mwanangu na shemeji yangu kwamba malisho yamepungua, nimewawekesha ng'ombe kwa kaka yangu ng'ambo ya Kebirigo. Ni desturi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Niliwauza wote sokoni, na silinda hedi mpya ikaja kutoka Nairobi. Baada ya miezi miwili nilirudi nyumbani nikilia, nikasema ndigana, ile homa ya kupe, imewamaliza. Kaka yangu alijua, naye ameshazikwa.

Baba wa msichana alingoja msimu mmoja, kisha akamwoza kwingine. Mwanangu hakunilaumu. Alisema ugonjwa hauna adabu, akaenda mashamba ya chai Kericho, akafanya kazi miaka sita ndipo akaoa. Mkewe ni mwema. Lakini siku ile habari za Nyanchwa zilipofika, nilimwona ameegemea boma tupu.

Gari lile niliendesha miaka kumi na moja. Lilisomesha wadogo watatu wa mwanangu. Kila asubuhi nilipita mbele ya nyumba ya yule mzee nikipiga honi, na siku za Sabato nilipiga mara mbili.

Leo mwanangu huyo, naye tayari ni mzee wa mkongojo, ndiye anayeninywesha uji. Juzi, akiniinua kitandani, alimtaja yule msichana, akatabasamu. "Ni ndigana tu, mama," akasema.

Mchungaji wangu anataka nimwite mwanangu, niungame, niseme ninajuta yote. Uongo naujutia, na machozi yale ya bandia yananiaibisha hadi leo. Gari silijutii. Ningemrudishia yule mzee gari, ningemrudishia na shingo yangu.

Nitamwambia mwanangu, hilo nimekata shauri. Lakini nimemzaa, najua swali lake litakuwa moja: "Mama, ungefanya tena?" Na jibu la kweli ni ndiyo.

Nyinyi mliozaa na nyinyi mliozaliwa, niambieni: nimpe hiyo ndiyo nikafe nayo, au nimdanganye mara ya pili ili anizike kwa amani?